Picha ya Kale Isichapwe Bila Asili Yake

Kalenda ilikuwa imetundikwa ukutani katika duka moja la Chake Chake, ukurasa wa Julai. Picha ya mwezi huo ni nyeusi na nyeupe: msichana amekaa juu ya jamvi, miguu ameikunjia upande, mbele yake rundo la karafuu mbichi, vidole vinatenga karafuu na makonyo. Chini yake pameandikwa: Mjakazi akichambua karafuu, Unguja, 1890. Bibi mmoja aliyekuja kununua sukari aliitazama, akageuka, akairudia. Akamwomba mwenye duka aiteremshe. Akaisogeza karibu na macho.

"Ni mie huyu," akasema. "Na jamvi hili kasuka mama."

Mwandishi wa tahariri hii alikuwapo dukani, na hakuhitaji kiapo cha bibi yule ili kumwamini. Ushahidi ulikuwa mwilini mwa msichana wa kwenye picha. Kanga aliyojitanda ina jina, na jina limechapwa kwa herufi za Kirumi. Kanga za mwanzo hazikuwa na jina. Zilipoanza kuandikwa, karne ya 20 ilikwisha kuingia, na herufi zilizotangulia zilikuwa za Kiarabu. Za Kirumi zilikuja nyuma yake. Mtu yeyote aliyelelewa katika nyumba yenye mama angeyaona hayo kwa kutupa jicho mara moja. Waliotengeneza kalenda hawakutupa jicho. Walitaka sura ya zamani, wakaipata, wakaipachika mwaka na hadhi waliyodhani itauza. Binti wa mkulima wa Ole, hapa Pemba, akageuzwa mjakazi wa Unguja, akatundikwa madukani, naye yu hai, anakwenda dukani kwa miguu yake.

Hukumu ya gazeti hili ni hii, nasi tunaitoa bila kupunguza neno: anayechapa au kurusha picha ya kale bila kujua ilipigwa wapi, lini na nani yumo, kisha akaiandikia maelezo ya kubuni, ametoa habari ya uongo. Asijitetee kwamba ni pambo tu. Habari ya uongo ikiwa ya leo, aliyeguswa atajitokeza kuikana. Ya zamani inamsema marehemu, na marehemu hajitokezi.

Hatumlaumu mtu kwa kuzipenda picha hizi. Sisi wenyewe tunazipenda. Ingia nyumba yoyote ya watu wazima Wete au Mkoani utaikuta fremu sebuleni: babu amevaa kanzu na koti, tarbushi imekaa sawasawa, mkono umeegemea kimeza chenye chombo cha maua, nyuma yake pazia lililochorwa bustani ambayo haimo kisiwani. Wengi walivuka bahari kwenda kupigwa picha hizo, kwa sababu studio kubwa zilikuwa mjini Unguja: ya A. C. Gomes na ile ya ndugu Coutinho, Wagoa waliofungua kazi hiyo tangu karne ya 19, na baadaye Capital Art Studio aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930. Mtu alioga, akatia udi nguo, akapanda chombo, akalipa. Kwa hiyo picha ile inakuonyesha jinsi babu alivyotaka wajukuu wamwone. Unaitafuta pua yako usoni pake, na ukiipata moyo unatulia. Mvuto huo ni wa haki kabisa. Ndiyo maana anayeuchezea anatukosea sana.

Na ukweli usemwe: kasoro haikuanza na simu za mkononi. Studio zile zile ziliwauzia abiria wa meli za Ulaya kadi za posta. Wanawake wa pwani walipambwa, wakakalishwa, wakapigwa, na kadi ikatoka ikiwa na maneno yasemayo tu kwamba huyu ni mwanamke wa Kiswahili au mrembo wa Zanzibar. Jina hakuna, mtaa hakuna, mwaka hakuna. Kioo kimoja cha picha kiliweza kutoa kadi kwa miaka na miaka, hata mrembo wa kadi akawa bibi mwenye wajukuu huku kadi yake ingali inauzwa. Waliozipata kadi hizo hawakuuliza jina, na wanaozichapa leo wanarithi kutouliza kule.

Mada iliyoumizwa zaidi na uzembe huu ni utumwa, nasi wa Pemba tunayo haki ya pekee ya kulisema hili. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha sehemu kubwa ya ile ya Pemba imesimama. Kuanzia hapo utajiri wa karafuu ukahamia huku, na pamoja nao njaa ya mikono ya kufanya kazi. Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, alitia saini mkataba wa kuifunga biashara ya watumwa mwaka 1873, lakini majahazi yaliendelea kuwaingiza watu kwa magendo katika hori na mikoko yetu. Tarehe 3 Desemba 1881 kapteni Brownrigg wa manowari ya London aliuawa karibu na pwani ya Pemba alipolisogelea jahazi lililobeba watumwa. Amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa ilitolewa 6 Aprili 1897, na mwaka huo huo wamisionari wa Kiquaker walianzisha kituo chao Banani, si mbali na Chake. Jasho la walioletwa kwa nguvu limo katika ardhi hii. Wajukuu wa waliomiliki na wajukuu wa waliomilikiwa wanaswali safu moja, wameoana, wamezikana. Historia nzito namna hiyo haitaki kutiwa chumvi na mtu anayetafuta picha ya kujazia ukurasa.

Tazama inavyotiwa chumvi. Ipo picha iliyopigwa mwaka 1868 kwenye sitaha ya manowari ya Kiingereza iitwayo Daphne, iliyokuwa ikiyawinda majahazi katika bahari yetu chini ya kamanda George Sulivan. Watu wamekaa wamebanana, wengi wao vijana na watoto, mbavu zinahesabika. Nakala yake imo katika Nyaraka za Taifa za Uingereza. Waliomo wametoka kukamatwa pamoja na jahazi lililowabeba. Wakati kamera inafunguka, wako mikononi mwa manowari. Picha hii huzunguka dunia ikiandikwa kwamba ni Waafrika wakipelekwa Marekani. Maelezo hayo yanawahamisha watu wa pwani hii kutoka bahari ya Hindi hadi Atlantiki, na yanawarudisha utumwani saa ile ile walipotolewa.

Ya pili ilipigwa mwaka 1907 na baharia Joseph Chidwick wa manowari Sphinx, kwenye pwani ya Oman. Wanaume waliotoroka mabwana wao wanakatwa pingu za miguuni. Mabaharia wameinama, kazi inaendelea. Mtoto wa baharia yule aliitoa picha kwa jumba la makumbusho la jeshi la majini Portsmouth, na asili yake inajulikana neno kwa neno. Lakini tumeiona ikiandikwa Soko la watumwa Zanzibar. Soko la watumwa la Mkunazini, mjini Unguja, lilikwisha kufungwa miaka 34 kabla ya picha kupigwa! Utumwa wa Oman wa 1907 ni kisa kizito kinachostahili kusimuliwa kwa jina lake, na Wazanzibari wenye ndugu Muscat na Batinah wana sababu ya kukisikiliza. Kukihamishia Mkunazini ni kukinyima pahali pake na kulizidishia soko letu jambo ambalo halikutokea pale.

Aina ya tatu inatuuma zaidi kwa sababu dhalimu anabadilishwa. Zipo kadi za posta za wakati wa Wajerumani, za Dar es Salaam na miji mingine ya bara, zinazoonyesha Waafrika wamefungwa mnyororo shingoni, mmoja nyuma ya mwenziwe, askari yuko kando na bunduki. Hao ni wafungwa wa serikali ya kikoloni. Mnyororo ulikuwa adhabu ya kila siku ya utawala ule, na Wajerumani wenyewe waliwaandika wafungwa wa mnyororo, wakazituma kadi kwao kwa salamu. Leo picha za namna hiyo zinaandikwa biashara ya watumwa ya Waarabu. Mkoloni aliyefunga mnyororo anatoka kwenye picha akiwa msafi, na mzigo wake anatwikwa mwingine. Mhariri anayeichapa hivyo, hata kama hakukusudia, amemwandikia mkoloni hati ya kuachiwa huru.

Kuna wanaotujibu kwamba madhumuni ni mema, kwamba utumwa ulikuwapo na picha inawafanya vijana wauhisi. Jibu hilo ndilo hasa linalotutia hofu. Tumekaa kwenye mabaraza ya kahawa hapa Chake na kumsikia mtu mzima akisema kwamba utumwa wote ni hadithi ya wamisionari, na hoja yake ya kwanza ikawa picha moja aliyoigundua kuwa si ya Zanzibar. Picha hiyo moja ilimtosha kuutupa ukweli wote. Aliyeichapa kwa nia njema ndiye aliyempa jiwe la kurushia.

Tuje kwenye Mapinduzi ya Januari 1964, ambako wengi wanaandika kwa woga au kwa hasira. Mwaka 1966 Waitaliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi walitoa filamu yao Africa Addio. Ndani yake mna vipande vilivyopigwa kutoka angani juu ya Unguja, Januari 1964: misururu ya watu, maiti ufukweni, makaburi ya halaiki. Hakuna mkanda mwingine wa filamu unaojulikana kama huo kuhusu siku zile, ndiyo maana kila mtengeneza makala anaukimbilia. Anaukata, anautia muziki wa huzuni, anausomea maneno yake. Hamwambii mtazamaji kwamba filamu nzima inasimuliwa kwa majonzi ya Mzungu anayeona himaya inamponyoka, wala kwamba waliopiga picha hizo waliandamwa kwao Italia kwa tuhuma za kupanga mauaji ya Kongo yaendane na kamera, kesi iliyoishia bila wao kutiwa hatiani. Mtazamaji ana haki ya kuyajua yote mawili kabla ya kulia.

Upande wa pili wako wanaosema vipande vile vyote ni maigizo. Nao tunawakatalia. Watu waliuawa Unguja mwezi ule, wengi wao Waarabu, na jambo hilo limethibitika kwa vinywa na kwa maandishi kabla ya kufika kwa filamu ya yeyote. Idadi inabishaniwa, vifo havibishaniwi na mtu mkweli.

Kisha kuna uovu mdogo ambao kwetu si mdogo. Tumetumiwa, si mara moja, kipande kile kile cha ufukwe kikiwa kimeandikwa Pemba 1964. Mapigano ya 12 Januari yalikuwa Unguja. Pemba ina machungu yake ya miaka iliyofuata, na wazee wake wanayo vifuani. Hawakuyapata mbele ya kamera ya Mwitaliano. John Okello mwenyewe, kiongozi wa mapigano hayo, yule wa kofia na bastola katika picha zinazochapwa kila Januari, aliishi Pemba kuanzia 1959 hadi alipohamia Unguja mwaka 1963. Wapo hapa watu waliomwona kabla hajawa picha. Nani kati ya watengeneza makala amepanda meli kuja kuwauliza? Kuandika Pemba juu ya maiti wa Unguja kunawadhulumu wa pande zote: waliolala ufukweni wananyang'anywa mahali walipofia, na wana watoto na wajukuu wanaowatafuta kwenye mikanda hiyo kwa macho mekundu, nasi tunabandikwa msiba usio wetu huku wetu ukikosa msikilizaji.

Wala kuchunguza si kazi ya wanazuoni peke yao. Bendera pekee inaweza kukupa tarehe. Nyekundu tupu ni ya masultani. Nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili ndani yake ilipandishwa kwa uhuru wa 10 Desemba 1963 na ikashuka pamoja na serikali ya Mohammed Shamte, mtu wa Pemba, 12 Januari 1964. Siku 33. Ukiiona ikipepea kwenye picha, huna haja ya kubuni mwaka. Dola iliyofuata ilijiita Jamhuri ya Watu wa Zanzibar na Pemba, ikaishi hadi Muungano wa 26 Aprili. Jina letu lilikuwa limeandikwa waziwazi miezi ile michache.

Tangu hapo jina linafutwa kwenye maelezo ya picha kana kwamba kuna aliyeagiza. Mikarafuu ya Pemba inaandikwa Zanzibar, na msomaji anaelewa Unguja. Magofu ya Ras Mkumbuu na ngome ya Mkame Ndume huko Pujini, ambayo F. B. Pearce aliyaeleza katika kitabu chake cha 1920, yanachapwa kama magofu ya pwani bila kusemwa ni ya wapi. Ikitajwa Pemba kwa jina, ni kwa uchawi. Mwandishi Mwingereza Evelyn Waugh alirudia katika kitabu chake Remote People, mwaka 1931, uvumi kwamba kisiwa hiki ni chuo cha wachawi kinachowavuta wanafunzi hata kutoka Haiti, na tangu hapo waandishi wananakili kwa waandishi. Mzee amepigwa picha na fimbo yake anatoka msikitini. Kwenye jarida anakuwa mganga.

Hata aliyejulikana jina hasalimiki. Picha maarufu ya Sayyida Salme akiwa amevaa mavazi ya kifahari ya Kizanzibari huonyeshwa kama picha ya binti mfalme ndani ya jumba la baba yake. Ilipigwa Hamburg. Alikuwa amekwisha kuondoka Unguja mwaka 1866, ameolewa na Mjerumani, na nguo zile alizivaa mbele ya kamera ya ugenini. Ukilijua hilo, macho yake yanasomeka vingine kabisa.

Na sasa zimekuja programu za kutia rangi picha nyeusi na nyeupe, na nyingine zinazotengeneza picha ya kale ambayo haikupigwa na mtu. Programu inakisia. Kisutu cha bibi harusi, ambacho kila mama anajua ni chekundu, cheusi na cheupe, inaweza kukigeuza kijani, na mjukuu akaamini. Tumeonyeshwa picha ya mwanamke wa Pemba wa mwaka 1850 amevaa buibui, vazi lililoenea visiwani mwanzoni mwa karne ya 20. Hakuna mwanamke huyo. Hakuwahi kuzaliwa, wala kuvaa, wala kufa, na amekwisha kuingia kwenye kipindi cha televisheni. Kwa picha hizi hatuna msamaha. Anayezitoa kama za kweli amefanya kosa la yule anayeghushi cheti.

Tunataka nini? Hatuombi sheria mpya wala kibali cha ofisi. Kufungia picha kabatini ni njia nyingine ya kuzipoteza. Tunataka kila chombo cha habari kinachotumia picha ya kale kiandike mpigaji, mahali, mwaka na inapotunzwa, na kile kisichojulikana kiandikwe hakijulikani, kwa neno hilo hilo. Neno hilo halimwaibishi mhariri. Kosa likitokea lisahihishwe mahali pale pale na kwa ukubwa ule ule. Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani, Unguja, zina hazina ya picha, nasi tunawaomba wahusika, kwa heshima na kwa haraka, walete nakala za zile za Pemba katika makumbusho yetu ya ndani ya ngome ya Chake, wawakalishe wazee wa Wete, Micheweni, Chake na Mkoani mbele yake, na mtu mwenye daftari akae kando. Wazee wanaoweza kusema huyu ni nani, na mkarafuu ule ulikuwa shamba la nani, wanapungua kila Ijumaa tunapotangaziwa misiba. Kila picha inayosubiri mwaka ujao inaweza kusubiri bure.

Na nyumbani, geuzeni fremu. Nyuma ya picha nyingi kuna muhuri wa studio, mara nyingine mstari wa kalamu kwa herufi za Kiarabu ambazo mjukuu hawezi kuzisoma na nyanya anaweza. Asomewe leo. Yasiyoandikwa yaandikwe kwa penseli, kwa mkono mwepesi, kwa sababu wino wa kalamu hupenya ukatokea usoni.

Gazeti hili linaanza na nafsi yake. Tangu toleo hili hatutachapa picha ya kale isiyo na maelezo tuliyotaja, na zile tulizochapa huko nyuma bila hayo tutazirudia moja moja pamoja na masahihisho, kuanzia wiki ijayo.

Bibi wa Ole hakutaka kalenda itupwe. Aliomba kalamu. Alisoma chuoni, si skuli, kwa hiyo aliandika kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia, pembezoni mwa ukurasa ambapo maelezo ya uongo hayakufika: jina lake, jina la baba yake, Ole, msimu wa karafuu wa 1958. Akasita. Kisha chini ya jamvi akaongeza jina la mama yake. Mwenye duka aliirudisha ukutani. Sasa ni mwishoni mwa Agosti, na ukurasa wa Julai bado haujafunuliwa.